Pampu, Shika, Achia

Niliajiriwa nikiwa na miaka saba,
mshahara wangu soda na nusu chapati.
Gereji ya Kizota, nyuma ya mashine ya alizeti:
baba chini ya lori, mimi juu kitini,
makalio ukingoni ili mguu uifikie pedali.

Sauti yake ilitokea uvunguni.
Pampu.
Nikapampu.
Shika.
Nikashika, meno nimeyauma,
naye akalegeza nipo, hewa ikakohoa kwenye mpira,
oili ikadondoka ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Achia.

Hatukuwa watu wa maneno mengi, mzee Ndahani na mimi.
Aliyotaka kuniambia
aliyapitisha kwenye hayo matatu.

Kabla ya ufundi alikuwa dereva.
Kiangazi kimoja, tani saba za vitunguu vya Singida,
anashuka Sekenke, oili ikachemkia ndani ya mabomba
na pedali ikazama bila kujibu,
kama mguu kwenye jaruba la Bahi.
Vitunguu viliviringika hadi bondeni.
Chilewa, utingo wake, hakuviringika. Alibaki palepale.

Baba hakushika usukani tena.
Tangu hapo kila breki huitoa hewa mara mbili,
mwenye gari akiguna, aguna.
"Bado," husema. "Bado kuna hewa."

Juzi limeletwa gari la ofisi, jeupe, halina muungurumo.
Nilifungua boneti nikitafuta masta silinda,
nikakuta nafasi yake.
Diski zipo, zimeng'aa sinia la harusi halioni ndani.
Kalipa zipo. Pedi zipo.
Ila mgongoni mwa kila kalipa
pana kimota, unene wa gunzi la mahindi,
na nyaya zimeingia humo badala ya bomba.
Mguu hausukumi kitu. Unaomba tu.
Ombi linapita kwenye waya,
mota inazunguka, parafujo inasogeza pistoni,
pedi zinaibana diski,
nawe hujamaliza hata kusema "bre".

Nilimweleza baba hivyo, kama nilivyofundishwa chuoni.
Akauliza: na umeme ukikatika?
Mtaani kwetu swali hilo si mzaha.
Nikamwonyesha betri ya akiba.
Na hiyo ya akiba ikifa?
Jibu la kitabuni nilikuwa nalo,
kurasa mbili, pamoja na mchoro,
lakini Chilewa hakuwepo kulisikia.
Nikanyamaza.

Akatandika gunia la katani.
Goti moja, akapumzika, goti la pili,
akajiingiza uvunguni kwa mgongo.
"Oili iko wapi?"
"Haipo, baba."
"Basi hewa inaingilia wapi?"
"Haiingii."

Upepo wa Agosti ukapita na vumbi lake jekundu,
ukageuza kurasa za daftari la madeni,
ukaacha wazi jina la mtu aliyehamia Manyoni bila kulipa.

"Kwa hiyo kitini hakai mtu."
"Mmoja anatosha. Na kompyuta."

Viatu vyake tu ndivyo nilivyoviona,
soli ya kushoto imelika upande wa ndani,
upande wa kukanyagia breki
ambao kwa dereva, nilikumbuka, ni wa kulia.
Sijui kwa nini niliwaza hilo.
Nilidhani amesinzia. Kisha:

Pampu.

Nina miaka thelathini na mmoja, nina cheti ukutani.
Nikazunguka, nikafungua mlango, nikakaa.
Siku hizi mguu unafika.
Nikakanyaga, na kwenye magurudumu manne
zikalia nzii, nyembamba, kwa pamoja.

Shika.

Nikashika. Simwoni, ila namjua:
kiganja chake kiko juu ya diski,
anavyopima mtu homa ya mtoto.

Mwenye gari akafika, akatazama saa,
akauliza kama limeshatengemaa.
Nikamwonyesha mkono asubiri.
Baba alikuwa hajasema achia.